Unaenda Kupanda Miamba Lukenya na Jibwa Lako? Soma Hii Kwanza

Wasee wengi wa Nai siku hizi wanahepa tao wikendi kwenda kupanda miamba. Shida inakuja kama uko na jibwa la kilo 40, German Shepherd ama Boerboel, na hutaki kuliacha keja likibweka siku nzima. Unaweza kuenda nalo, lakini si kila mahali.

Chagua mahali

Hell's Gate kule Naivasha ndiko kuna Fischer's Tower, ule mwamba wa mita 25 unaopendwa na wanaoanza. Lakini hiyo ni mbuga ya KWS, na mbwa haruhusiwi hata akiwa mpole aje. Utarudishiwa getini.

Lukenya, upande wa Machakos, si mbuga. Ni karibu kilomita 40 kutoka tao ukifuata Mombasa Road na kupita Athi River. Hata hivyo, ardhi ina wenyewe, na Mountain Club of Kenya wana kambi yao huko. Uliza mapema, na useme wazi mbwa ni mkubwa kiasi gani. Ukiambiwa zii, ni zii.

Usafiri

Gari la kibinafsi ndilo rahisi zaidi. Mweke kiti cha nyuma, afungwe vizuri, madirisha yawe wazi kiasi. Usimfungie ndani ukienda kununua maji Athi River: joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda digrii 10 kwa dakika 10 tu, na mbwa hufa hivyo.

Mathree ni kubahatisha. Epuka saa za rush, ongea na makanga kabla hujapanda, lipia viti anavyochukua, na umfunge mdomo. Abiria wakikataa, shuka bila ngori. Ukiita teksi ya app, pigia dereva simu kabla hajafika.

Chanjo kwanza

Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Kenya, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hakikisha mbwa amechanjwa kila mwaka na ubebe cheti. Akiuma mtu, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbie hosi siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama kitapona.

Kutembea hadi mwamba

Anza asubuhi mapema. Mbwa hapoi kwa jasho kama wewe, anahema tu, na hilo jiwe likishika jua linachoma nyayo. Weka kiganja chako juu ya jiwe sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, yeye pia hawezi. Mbwa wa kilo 40 anahitaji zaidi ya lita 2 za maji kwa siku ya kawaida, so siku ya jua beba 4 na bakuli.

Usimwachilie. Kuna nyani, ng'ombe na mbuzi wa watu, na kifutu hujificha kwa nyasi. Nyani dume ana meno marefu kuliko ya mbwa wako, na mfugaji akiona mbuzi wake wakikimbizwa hatakusikiza. Ukirudi, mkague kupe masikioni na katikati ya vidole.

Chini ya mwamba

Hapa ndipo watu huharibu. Usimfunge palipo chini ya wanaopanda, kwa sababu mawe huanguka na yeye hana helmeti. Mfunge kwa mti wenye kivuli, mbali na kamba za kupandia. Na usimfunge kwa msee anayeshika kamba ya mwenzake: mbwa wa kilo 40 akiruka kufuata pimbi, anaweza kumvuta, na aliye juu ndiye ataanguka.

Kwa hivyo nendeni watu 3: mmoja anapanda, mwingine anashika kamba, wa tatu anakaa na mbwa. Mkiwa 2 tu, mwache nyumbani na mtu wa kumwangalia.