MAHALI PETU NA MAJINA YAKE
Maneno machache juu ya inchi yetu kubwa na mji wetu wa Goma



Katika kijitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za mapadri waliotutangulia, za makatekista, za kwaya na za mashirika yetu. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza mahali. Mgeni anayefika Goma kwa mara ya kwanza huona ziwa, mlima wa moto na mawe meusi pande zote, lakini hajui kilicholala chini ya mawe yale. Watoto wetu waliozaliwa nyuma ya mwaka wa 2002 nao ni kama wageni. Basi tuwaongoze wote pamoja.

I. Inchi yenye majina mawili mawili

Inchi yetu ina kilometa za mraba zaidi ya 2,340,000. Toka Goma hata Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1,500, hata kwa njia ya ndege. Wengi wetu tutakufa bila kuiona sehemu kubwa ya inchi hii. Tunaijua kwa majina tu, tuliyofundishwa darasani mbele ya ramani.

Lakini majina yenyewe hayakutulia. Mzee aliyesoma mbele ya uhuru alijifunza Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville, Albertville na Coquilhatville. Mwaka wa 1966 miji hiyo ikaitwa Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi, Kalemie na Mbandaka. Jirani yetu Bukavu ilikuwa imekwisha kuvua jina la Costermansville katika miaka ya Wabelgiji wenyewe. Mwaka wa 1971 inchi nzima ikaitwa Zaire, na mto vilevile. Mwaka wa 1997 jina la Kongo likarudi. Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin Dada mwaka wa 1973, kisha jina hilo likaachwa. Wavuvi wa Vitshumbi hawakubadili nyavu zao kwa ajili hiyo. Walitupa nyavu katika maji yale yale.

Hata Kanisa lilikuwa na desturi hiyo. Misioni ya Lulenga, upande wa Rutshuru, Mapadri Weupe waliiita Tongres-Sainte-Marie, jina lililotoka kwao Ubelgiji. Hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka wa 1925 ilipewa jina la mfalme Albert. Tangu mwaka wa 1969 inaitwa Virunga, kama milima yenyewe ilivyoitwa siku zote.

Tunajifunza nini hapa? Mkubwa aweza kuandika jina juu ya ramani kwa siku moja. Lakini jina hudumu mahali pale tu watu wanapolitumia wakienda shambani, sokoni na kanisani.

II. Mji uliozaliwa mpakani

Watu wengi husema kwamba jina la Goma linatokana na ngoma, kwa sababu ya ngurumo ya mlima. Mlima huo ni Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470. Mwaka wa 1894 Mjerumani von Götzen aliupanda, akaliona Ziwa Kivu. Hapo ndipo Wazungu walipoanza kushindana juu ya inchi hizi. Mwaka wa 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mipaka. Goma ikawa upande huu na Gisenyi upande ule. Mstari ulichorwa Ulaya, lakini siku zote ndugu, wachuuzi na wagonjwa wameendelea kuuvuka. Majina ya Grande Barrière na Petite Barrière yanajulikana hapa hata na mtoto asiyejua kusoma.

Goma ilikua polepole kando ya ziwa, karibu na kilima kinachoitwa Mont Goma, mahali pa bandari. Huko mashua zilipakia watu na vyakula kwenda Idjwi na Bukavu. Barabara ya kaskazini ilipanda Kibumba, Rumangabo na Rutshuru, ikaendelea hata Butembo na Beni; ile ya magharibi ilipita Sake, mlango wa Masisi. Goma ikawa makao ya jimbo la Kanisa, na askofu wake wa kwanza akawa Monsenyeri Joseph Mikararanga Busimba. Mwaka wa 1988 Kivu ikagawanywa, na Goma ikawa mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini.

III. Moto ulipopita

Mahali pengine historia hulala katika makaburi na majumba ya kale. Kwetu hulala chini ya miguu. Mwaka wa 1938 moto wa Nyamulagira ulianza kushuka, ukafika hata ziwani upande wa Sake. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na moto ukakimbia kama maji; watu wengi wa vijiji vya chini ya mlima hawakupata nafasi ya kukimbia.

Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia mjini wenyewe. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita kati ya maduka na nyumba, ukaingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi na Sake na kwingine, wengine wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Siku chache baadaye walianza kurudi, ingawa mawe yalikuwa bado ya moto. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukaharibu nyumba upande wa Buhene, ukasimama karibu na mji.

Wageni hutuuliza: Kwa nini hamkuhama? Tunawajibu kwa kuwaonyesha kuta zetu. Jiwe lililobomoa nyumba ndilo tulilolipasua kwa nyundo, tukalijengea nyumba nyingine.

IV. Mahali pasipoonekana tena

Tulipokuwa tukitayarisha ukurasa huu tuliwaomba wazee watatu wa parokia watembee nasi. Walisimama mahali penye maduka mapya, wakaanza kubishana. Mmoja alisema barabara ya zamani ilipita mkono wa kuume; mwingine alikataa. Mwisho mama mzee akapiga chini kwa fimbo yake, akasema, “Nyumba yangu iko hapa, kadiri ya urefu wa mtu kwenda chini. Mimi ninaishi juu ya nyumba yangu.” Tukanyamaza wote.

Ndivyo tunavyoelekezana katika mji huu: shuka hata palipokuwa duka fulani, kata njia palipokuwa shule. Anayeelekezwa aweza kufika tu ikiwa anajua yasiyoonekana.

Kuna mahali pengine ambapo jina linatuumiza. Mugunga, karibu na Ziwa la Kijani, palikuwa mahali pa mashamba na malisho. Mwaka wa 1994, wakimbizi karibu milioni moja walipovuka mpaka kwa siku chache, jina hilo lilijulikana duniani kote, na kipindupindu kiliua maelfu na maelfu. Nyuma ya hapo vita vilileta kambi tena na tena, mara hii za watu wa Masisi na Rutshuru, ndugu zetu wenyewe. Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji, na mwezi uliofuata kambi nyingi zikavunjwa. Waliolala pale walikuwa na majina, na vijiji vyao vilikuwa na majina. Tusikubali waitwe tu “watu wa kambi”.

Na kuna mahali pa furaha. Kule Birere biashara haikomi toka asubuhi hata jioni. Katika mzunguko wa barabara unaoitwa Chukudu wamesimamisha sanamu ya kijana na chukudu yake, ile baiskeli ya mti inayobeba makala, viazi na mbao. Miji mingine huwasimamishia sanamu wafalme. Sisi tulimsimamishia mchukuzi.

Maneno ya kumalizia

Ndugu wapenzi, wale wazee watatu hawatatembea nasi kwenye jubilei ijayo. Wakienda bila kusimulia, moto utakuwa umefunika mji mara ya pili. Kwa hiyo tunaomba kila shirika lichague Dominika moja, liwachukue watoto, liwatembeze na wazee wao, na kuandika katika daftari: hapa palikuwa nini, paliitwaje, nani aliishi hapa. Daftari hizo ziwekwe katika nyumba ya parokia. Nanyi wageni wetu, mtakaporudi kwenu mkiulizwa Goma ni mahali gani, msiseme habari za moto na vita peke yake. Semeni pia kwamba mliwakuta watu wanaojua mahali wanaposimama.

Mungu awabariki wote.