Edward Moringe Sokoine na Sheria ya Mwaka 1983

Mtu atokaye Makumira kwenda Arusha mjini, akifika Mnara wa Saa na kuelekea magharibi, huingia katika barabara iitwayo Sokoine. Aliyepewa heshima hiyo alizaliwa Monduli, magharibi ya Mlima Meru, tarehe 1 Agosti 1938. Katika mahubiri yetu hutajwa kuwa kielelezo cha uadilifu. Makala hii haikusudii kumvua sifa hiyo. Inauliza tu kama tumeitazama kazi yake yote.

Alisoma Monduli, kisha Umbwe huko Kilimanjaro. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, akaenda Ujerumani kujifunza utawala, na aliporudi akawa Afisa Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Masai. Alichaguliwa mbunge mwaka 1965. Mwaka 1967 alifanywa Naibu Waziri, na ndio mwaka ambao Azimio la Arusha lilitangazwa. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa au ukurugenzi katika kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Wengi waliyaona masharti hayo kuwa mzigo. Sokoine hukumbukwa kwa kuyashika. Alikuwa Waziri wa Ulinzi tangu 1972, Waziri Mkuu tangu Februari 1977, akajiuzulu mwaka 1980 kwa sababu ya afya, na akaitwa tena Februari 1983.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imechoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha, ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina. Sukari, sabuni, khanga na mafuta ya kupikia viliadimika madukani, huku magendo yakistawi kwenye mipaka, Namanga ikiwa mojawapo. Aliyepanga foleni miaka ile hahitaji maelezo zaidi.

Mwezi Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Wengine, kwa hofu, walizitupa bidhaa zao usiku, na mwenye katoni chache za sabuni aliogopa sawa na mlanguzi mkubwa. Wananchi wengi walishangilia, nasi hatuna budi kuwaelewa: nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea watu wa namna hiyohiyo, wapunguzao kipimo na kuwanunua maskini kwa fedha. Mhubiri yeyote angeona andiko lake likitimizwa sokoni.

Lakini Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983 ilitungwa baada ya kamatakamata kuanza, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Iliunda baraza maalumu la hukumu nje ya mahakama za kawaida. Mshtakiwa hakupewa dhamana, hakuruhusiwa wakili, wala hakuweza kukata rufani katika mahakama hizo. Hapa Mlutheri hana budi kusimama kidogo. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linawakubalia Wakristo kushika vyeo vya serikali na kuhukumu, lakini linasema wahukumu kwa sheria zilizopo. Ni maneno machache, na kwa kawaida tunayasoma darasani kwa haraka. Kwa maoni yangu ndiyo yanayotutofautisha na umati ule uliokuwa ukishangilia. Aliyekamatwa bila haki ya kujitetea ni jirani pia, hata akiwa mlanguzi kweli, na usafi wa mikono ya anayemkamata hauwezi kushika nafasi ya wakili wake. Nadhani tumemhubiri Sokoine kwa urahisi mno kwa sababu hakujitajirisha, jambo lililozidi kuwa adimu baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi.

Novemba 1983, baada ya mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha kuhusu mgawanyo wa mali za Jumuiya, mpaka wa Kenya ulifunguliwa. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Sokoine alifariki katika ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, akiwa na umri wa miaka 45. Alizikwa Monduli Juu. Mwaka huohuo sheria ile ilifutwa na nyingine ikatungwa: kesi za uhujumu zikapelekwa Mahakama Kuu, washtakiwa wakaruhusiwa mawakili, na Katiba ikaongezewa sehemu ya haki za binadamu.