Jogoo Mwenye Shoka

Chukua sarafu yoyote ya Kenya uliyo nayo mfukoni, ya shilingi tano au kumi, uitazame vizuri. Kwenye ngao inayoshikwa na simba wawili kuna jogoo. Ameshika shoka. Jogoo huyo alitoka kwa chama cha KANU, akaingia kwenye nembo ya taifa mwaka 1963, na ile Doonholm Road ya wakati wa mkoloni ikaja kuitwa Jogoo Road. Ukishuka matatu kwenye barabara hiyo upande wa Shauri Moyo utafika soko la Burma, na huko mambo ni tofauti kidogo. Huko jogoo hashiki chochote. Amefungwa miguu, na mwenye kisu ni mtu mwingine.

Hii ni stori ya hicho kisu: nani alikishika, nani aliruhusiwa kula, na ni lini tulianza kula bila kukiona. Kila Desemba ikikaribia, mjadala wa nyama unarudi kwenye simu zetu. Kuna timu ya nyama choma, kuna timu ya mboga, na kuna yule msee ambaye lazima aseme kuacha nyama ni mambo ya wazungu. Wote wanaongea kana kwamba swali lilifika hapa juzi pamoja na intaneti. Swali hili lina umri kuliko Nairobi yenyewe.

Tuanze mbali. Babu wa kuku wetu ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa ya zamani zaidi ambayo wataalamu wanakubali kwamba ni ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 Kabla ya Kristo. Maelezo yao ni rahisi: watu walianza kulima mpunga na nafaka nyingine kwenye mashamba makavu, nafaka zikamvuta ndege kutoka msituni. Yaani si mtu aliyemfuata kuku, ni kuku aliyefuata chakula cha mtu. Ukimwaga mahindi nyuma ya nyumba leo utaona historia hiyo ikijirudia kwa dakika mbili.

Na hakuletwa nyumbani kwa sababu ya supu. Sehemu nyingi alizofika mwanzoni, watu walimweka kwa kuwika, kwa kupiganisha, kwa kafara na uaguzi. Julius Caesar, akiandika kuhusu watu wa Uingereza ya wakati wake, alisema waliona ni haramu kumla kuku, sungura na bata bukini, ingawa waliwafuga kwa kujifurahisha. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba binadamu amekula kuku tangu dunia ianze, ujue unaambiwa uongo wenye chumvi na pilipili.

Afrika Mashariki alifika kwa njia zaidi ya moja. Huko Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, mifupa yake ina zaidi ya miaka 2,000. Pwani yetu, katika magofu ya Shanga kisiwani Pate, mji ulioanza karne ya 8, kuku ni miongoni mwa wanyama ambao mabaki yao yalichimbuliwa. Kutoka hapo fuata jina: Mswahili anasema kuku, Mkamba nguku, Mkikuyu ngũkũ, Mzulu kule chini inkukhu. Ndege mgeni alipita kijiji kwa kijiji na jina lake likashika kama la mwenyeji.

Pamoja na ndege zilikuja sheria, na hapa ndipo stori inakuwa yetu.

Pwani, Uislamu ulileta masharti ya kuchinja ambayo ukiyasoma polepole utaona ni maadili ya mnyama kabla watu hawajaanza kuyaita hivyo. Kisu kiwe kikali. Usikinoe mbele ya mnyama. Usimchinje mmoja mwenzake akitazama. Taja jina la Mungu, maana uhai unaouchukua si wako. Kuna mtazamo mzima ndani ya hayo masharti: kula unaruhusiwa, ila si bure, na mateso yasiyo na lazima ni dhambi. Sasa tembea kwenye masoko mengi ya mjini uone kuku wakisubiri zamu kwenye kreti, hatua mbili kutoka mahali wenzao wanakatwa shingo. Sharti la kutaja jina bado tunalifuata. Yale mengine yamepotea kimyakimya.

Magharibi mwa Kenya sheria zilikuwa za sampuli nyingine. Kila mtu hutania Waluhya na ingokho, na Waluhya wenyewe hutania kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini ndani ya huo utani kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Kwa muda mrefu kuku alikuwa mwanamume wa mezani. Firigisi, yaani imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ole wako ikikosekana kwenye sahani. Wanawake walifuga, walikimbiza, walinyonyoa, walipika. Hawakula. Mayai pia walikatazwa.

Wamishonari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902. Miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Maragoli kuingia dini hiyo, kula kuku na mayai kukawa alama ya kuonyesha kwamba umeachana na miiko ya zamani. Fikiria hilo kidogo. Leo tunaongea kuhusu mtu anayekataa nyama kama tendo la dhamiri. Kwa wale wanawake, tendo la dhamiri lilikuwa kuweka paja la kuku mdomoni huku kijiji kikitazama.

Nataja haya kwa sababu yapo nyumbani kwetu. Mathe anafuga kuku kumi na kitu nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mbao za paleti na waya, na mimi niliporudi kukaa baada ya kuacha chuo, kazi ya kuwalisha na kuwadondoshea chanjo ya kideri machoni ikawa yangu. Dadangu ana miaka kumi na nne. Mwaka juzi alianza kukataa kula kuku wa nyumbani, kisha kuku wote, kisha nyama yote. Hakuwa amesoma mwanafalsafa yeyote. Alikuwa tu anawajua: yupi mwoga, yupi mkorofi, yupi hulalia mayai ya wenzake.

Mathe hakuchukulia hiyo kama falsafa. Alichukulia kama tusi.

"Guku wako alipika kuku miaka mingapi bila kuonja?" alimuuliza. "Leo umewekewa mbele yako, unasukuma sahani?"

"Mum, si nimekataa kwa sababu nimekatazwa. Nimekataa kwa sababu nimemwona."

Hakuna aliyeshinda. Na mimi, niliyekuwa katikati na mkono wangu ukinuka manyoya, niliona kwamba wote wawili walikuwa wanapigania kitu kimoja: haki ya mwanamke kuamua mwenyewe kinachoingia mdomoni mwake.

Turudi kwa historia, kwa sababu kuku ambaye wengi wetu tunamla si yule wa nyuma ya nyumba. Ni broila, na broila ana tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1923 huko Delaware, Marekani, mkulima aitwaye Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 wa mayai akaletewa 500 kimakosa. Akaamua kuwalea na kuwauza kwa nyama. Biashara ikashika. Mwaka 1948 Wamarekani wakafanya fainali ya kitaifa ya shindano la "Kuku wa Kesho", kumtafuta ndege mwenye kifua kinene na mwenye kukua haraka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwahi kulea pamoja aina za kuku wa miaka tofauti kwa chakula kilekile. Wakiwa na siku 56, kuku wa aina ya 1957 alikuwa na gramu 905. Yule wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Umri uleule, chakula kilekile, uzito zaidi ya mara nne. Miguu na moyo havikuongezewa nguvu kwa kasi hiyo, ndiyo maana broila akizeeka kidogo tu anaanza kushindwa kusimama.

Kenya ilifuata. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianza mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku ambapo mkulima angeweza kubadilisha jogoo wake wa kienyeji apewe wa gredi. Kenchic ilianzishwa 1984, na mji ukajaa vibanda vya kuku wa kuzungushwa kwenye kioo, wale ambao watu wa mtaa, kwa ucheshi wao usio na aibu, waliwaita kuku porno. KFC ilifungua duka la kwanza Nairobi mwaka 2011. Januari 2022 ilipoishiwa na chipsi kwa sababu viazi vilikuwa vimechelewa baharini, Twitter iliwaka moto: kwa nini mnaleta viazi kutoka nje na Nyandarua ipo? Swali zuri sana. Ila ona kilichotokea. Tulitaka kujua kila kitu kuhusu maisha ya kiazi. Kuku aliyekuwa kwenye sahani moja na hicho kiazi hakuulizwa sana alitoka wapi, wala aliishi wiki ngapi.

Kuna methali inasema ukimchunguza sana bata hutamla. Wazee waliitumia kumaanisha usipekue mambo kupita kiasi. Mji umeigeuza kuwa mfumo. Uchinjaji uko mahali usipopajua, nyama imekatwa vipande visivyo na uso, na vichwa na miguu vinauzwa mtaani kwa wale ambao hawawezi kununua mapaja. Duniani kote wanachinjwa kuku zaidi ya bilioni 70 kwa mwaka. Hakuna kijiji chochote cha zamani, hata kile chenye miiko mibaya zaidi, kilichowahi kuua hivyo bila mtu kutazama.

Sasa, yule msee wa "mambo ya wazungu". Ruth Harrison aliandika kitabu kuhusu kuku wa vizimba Uingereza mwaka 1964, sawa, na serikali yake ikalazimika kuunda kamati. Lakini Wahindi wa Kijaini wamekuwa Nairobi karibu tangu reli, na dini yao inawakataza kuua hata mdudu. Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo kuna kina mama wa Nyanza ambao hawagusi nyama kwa sababu ya kanisa. Wakristo wa Orthodox hapo Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai sehemu kubwa ya mwaka. Dadangu ana majirani wengi katika uamuzi wake, na wengi ni weusi kama yeye.

Je, kufuga nyumbani ni jibu? Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, kwa hivyo kuku wa ploti si jambo la kujificha tena, mradi ufuate masharti na jirani asilie harufu. Kuku wetu hukaa miezi mingi, huchakura, huoga vumbi, hugombana. Kulinganisha hayo na wiki sita za broila ni kama kulinganisha mtaa na jela. Lakini kuna mambo mawili ambayo watu wa "fuga mwenyewe" huyaruka.

La kwanza ni hesabu. Kuku anayekua polepole hawezi kulisha mji unaotaka kuku wa kukaanga kila Ijumaa. Ukitaka kuku walioishi vizuri, itabidi ule kuku wachache. Huwezi kupata vyote viwili.

La pili ndilo gumu, na ni dadangu aliyelisema: kuku aliyeishi vizuri ndiye aliye na zaidi cha kupoteza. Huwezi kumwambia mtu kwamba kifo ni sawa kwa sababu maisha yalikuwa matamu. Sijapata jibu la hilo, na vitabu nilivyosoma vinalizunguka tu. Siku hizi ameanza kuuliza kuhusu mayai, na niliona ni haki kumwambia ukweli: kwa kila leya anayetaga karibu mayai 300 kwa mwaka kuna ndugu yake wa kiume ambaye hana faida kwa mtu, na katika viwanda vingi duniani huuawa siku ya kwanza. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022. Alinyamaza, kisha akaenda kuokota mayai ya kienyeji wetu, ambao majogoo wao angalau hupewa muda wa kuwika.

Mimi bado nakula. Nakula mara chache, na yule niliyemwona. Krismasi iliyopita tulichinja mmoja badala ya watatu, na kisu kilichukuliwa na mathe mwenyewe, kitu ambacho mamake hangeruhusiwa kufanya. Alikinoa ndani ya nyumba. Imondo aliila yeye, polepole, mbele ya wajomba, bila kumwomba mtu ruhusa. Dadangu alikula chapati na ndengu mezani papo hapo, na hakuna aliyesukumiwa sahani.