Mafumbo ya Gazeti na Siri za Vita

Katika chuo chetu cha ualimu gazeti hufika saa nne za asubuhi, na tangu hapo hapana amani katika chumba cha waalimu. Wako waendao kwanza kwenye habari za siasa, wako wa mpira, na tuko wawili watatu tuufunguao ukurasa wa ndani kabisa. Huko mna mambo mawili madogo: neno la hekima la siku hiyo, na chini yake fumbo la maneno, lenye vyumba vyeupe vya kujaza herufi na vyumba vyeusi vya kutenga neno na neno. Neno la hekima hulinakili nikaliandika ubaoni kesho yake. Fumbo hulijaza kwa kalamu ya risasi, maana wino haumsamehe mtu. Mzee mmoja wetu, mwalimu wa hesabu, haachi kunidhihaki: "Mwalimu, mtu mzima kushindana na vyumba?" Kwa ajili yake nimeandika habari hizi, na kwa ajili yako, kijana msomaji, ambaye yamkini umekwisha kuambiwa kuwa wapoteza wakati.

Mchezo huu si wa kale kama wengi wadhanivyo. Aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani akafanya kazi katika gazeti la New York World. Jumapili tarehe 21 Desemba 1913 alichapa fumbo lenye umbo la kishada, na katikati yake pakaachwa tundu. Jina alilolipa lilikuwa Word-Cross. Baada ya majuma machache, wapangaji wa herufi za chapa waliyageuza maneno hayo mawili, la nyuma likatangulia, na kosa hilo likawa ndilo jina hata leo.

Kwa miaka kumi hivi halikuwa ila burudani ya gazeti moja na mengine machache. Mwaka 1924 vijana wawili wa New York, Richard Simon na Max Schuster, walianzisha biashara ya vitabu, na kitabu chao cha kwanza kikawa mkusanyo wa mafumbo haya, kila nakala imefungiwa kalamu ya risasi. Watu walikinunua kama maji ya kiangazi. Wakubwa nao wakakasirika. New York Times mwaka huo huo lilikemea kuwa ni upotevu wa wakati, tena wenye dhambi. Usilisahau karipio hilo, maana tarehe 15 Februari 1942, majuma kumi baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, gazeti lile lile lilianza kuchapa fumbo lake lenyewe. Wahariri wake walifikiri kuwa katika siku za giza wasomaji watahitaji kitu cha kutuliza mioyo.

Uingereza mchezo uliingia kwa haraka. Daily Telegraph lilianza tarehe 30 Julai 1925, na The Times tarehe 1 Februari 1930. Huko Uingereza fumbo lilipata ukali wake: kidokezo hakisemi wazi, bali husema jambo moja kwa uso na jingine kwa moyo, kama kitendawili cha bibi. Vidokezo vingine vilikuwa misemo ya washairi au ya Biblia iliyokatwa kipande, na mjazaji akatakiwa kukileta kipande kilichopotea. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili. Mwalimu akisema "Haba na haba", darasa zima hujibu "hujaza kibaba", hata waliosinzia. Ndiyo maana naona neno la hekima na fumbo ni majirani halali katika ukurasa mmoja: aliyehifadhi mengi katika la kwanza hupata msaada katika la pili.

Sasa tuingie vitani. Mwanzoni mwa mwaka 1942 watu walilalamika kuwa fumbo la Daily Telegraph limekuwa jepesi. Bwana mmoja akaweka pauni 100, zitolewe sadaka iwapo yuko awezaye kulimaliza chini ya dakika 12. Mashindano yakafanywa katika ofisi za gazeti hilo London, na wachache wakafaulu. Majuma kadhaa baadaye baadhi ya washindani walipokea barua za kuwaita kwa kazi isiyotajwa. Kazi hiyo ilikuwa Bletchley Park, kaskazini ya London, ambako Waingereza walikuwa wakifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, yaliyotungwa kwa mashine kama ile iitwayo Enigma.

Usidhani kuwa vita vilishindwa kwa wajazaji wa vyumba. Bletchley ilikuwa na wataalamu wa hesabu, wajuzi wa lugha, mashine kubwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Lakini akili iliyohitajiwa ilikuwa na undugu na ya mchezo wetu. Wajerumani walipenda kurudia maneno yale yale kila siku: habari za hali ya hewa, vyeo vya wakubwa, salamu za desturi. Mfumbuaji aliyekisia kuwa ndani ya maandishi yale mna neno fulani alipata pa kushika, kama yule apewaye "Haba na haba" akajua kilichobaki.

Jambo hili lilifika hata kwetu. Aprili 1942, ndege za Wajapani zilipokwisha kuishambulia Colombo katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, Waingereza waliwahamisha wafumbuaji wao hata Kilindini, Mombasa. Makao waliyopewa yalikuwa jengo la shule, Allidina Visram, litazamalo bahari. Walikuwa mbali, na sauti za redio za adui ziliwafikia kwa taabu. Hata hivyo mwezi wa Septemba mtuma habari mmoja wa Kijapani alifanya kosa ambalo ningelitia alama nyekundu katika daftari la mwanafunzi: alituma habari ya meli akasahau kutaja mahali ilipo, kisha akairudia yote kwa ufunguo ule ule, mara hii ameongeza mahali. Kwa kulinganisha habari hizo mbili, watu wa Kilindini waliuvunja mfumo wa siri wa meli za biashara za Kijapani, wakawa wakisoma safari zake. Mwaka 1943 walirudi Colombo. Kila nipitapo mbele ya shule hiyo hutazama madirisha yake kwa jicho jingine.

Kuhifadhi misemo mashuhuri nako kulikuwa na hatari yake. Wapelelezi waliopelekwa Ufaransa kwa siri walitumia shairi lililo moyoni kuwa ufunguo wa barua zao. Wengi walichagua mashairi yajulikanayo na kila mtu. Leo Marks, kijana aliyesimamia maandishi yao ya siri, alitambua kuwa adui akipata maneno machache tu ya shairi kama hilo, atalitafuta kitabuni, na barua zote za mpelelezi yule zitakuwa wazi. Alianza kutunga mashairi mapya ambayo hayamo katika kitabu chochote, na hatimaye akawapa wapelelezi funguo zilizochapwa juu ya hariri, ili kila ufunguo uliotumika ukatwe na kuchomwa.

Basi si ajabu kuwa wakubwa wa vita walianza kuliogopa hata fumbo la gazeti. Tarehe 17 Agosti 1942 neno Dieppe lilitokea kama jibu katika Daily Telegraph. Siku mbili baadaye majeshi, wengi wao Wakanada, waliishambulia Dieppe na kupata hasara kubwa. Uchunguzi ukaamua kuwa ni sadfa. Lakini mwezi wa Mei 1944, majeshi ya Muungano yakijiandaa kushuka Normandy, majibu ya fumbo yakaanza kuwa haya: Utah tarehe 2, Omaha tarehe 22, Overlord tarehe 27, Mulberry tarehe 30, na Neptune tarehe 1 Juni. Utah na Omaha yalikuwa majina ya siri ya fukwe mbili za kushukia, Overlord la shauri zima la vita, Mulberry la bandari za kuunda ambazo zingekokotwa kuvuka bahari, na Neptune la kazi ya manowari. Majeshi yalishuka tarehe 6 Juni. Kama adui angaliyafahamu maneno hayo, maelfu wangalikufa majini.

Mtungaji wa mafumbo hayo alikuwa Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa Strand School, shule ya wavulana ya London iliyohamishiwa Effingham, Surrey, kwa sababu ya mabomu. Ndiye aliyetunga mafumbo ya gazeti hilo tangu mwaka 1925. Wapelelezi wa serikali walimjia wakamhoji kwa ukali, na mtungaji mwenzake pia akahojiwa. Hawakuona hatia. Jambo likaachwa, likakaa miaka 40.

Mwaka 1984 Ronald French, aliyekuwa mwanafunzi wa Dawe, akasimulia yake. Alisema mwalimu alikuwa na desturi ya kuwaita wavulana wampangie maneno katika vyumba vitupu, naye hutunga vidokezo baadaye. Karibu na shule palikuwa na kambi za askari wa Marekani na Kanada. Wavulana walizunguka humo, wakayasikia maneno hayo yakitajwa ovyo, naye French akayaandika katika daftari. Mwalimu alipoliona daftari alishikwa na hofu, akamwamuru alichome, akamwapisha kwa Biblia asilitamke jambo hilo kwa mtu.

Wako wasioyasadiki masimulizi hayo, wakisema askari wa kawaida hawakupewa siri hizo. Mimi sikuwapo. Lakini nimefundisha wavulana miaka kumi na miwili, na lile la kusikia wasiloambiwa halinipi shaka hata kidogo. Dawe aliendelea kutunga mafumbo hata alipofariki mwaka 1963. Miaka mitano kabla ya hapo alieleza katika televisheni jinsi wapelelezi walivyomhoji. Habari ya daftari iliyochomwa ilingoja mtoto yule awe mtu mzima.