Injini Kubwa, Breki Ndogo

Kila siku yetu ya kukutana, mazungumzo ya pale magari yanapoegeshwa huwa marefu kuliko hotuba za ukumbini. Mmoja hufunua boneti, wengine humzunguka, na swali la kwanza huwa ni lile lile: injini hii ina ukubwa gani? Sijapata kumsikia mtu akianza kwa kuuliza habari za breki. Kwa hiyo nimeona si vibaya nikiwasimulia historia ya magari ambayo watengenezaji wake nao waliuliza swali hilo la kwanza tu, na ya watu ambao leo wanayajenga upya majumbani mwao.

Magari hayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ni gari la kawaida la ukubwa wa kati, aghalabu la milango miwili, bei yake inayoweza kulipwa kwa mkopo na kijana mwenye mshahara, lakini ndani yake imetiwa injini ya silinda nane iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Zama zake zilikuwa fupi, tangu 1964 hadi 1974 hivi. Hata hivyo mpaka leo watu wanayatafuta mabovu yake kwenye mabanda na mashamba, wanayafungua nati moja moja na kuyaunda upya. Wengine huidharau kazi hiyo na kuiita mchezo wa wazee wenye kumbukumbu. Mimi naiona kuwa ni kumalizia kazi ambayo kiwanda kiliiacha nusu.

Asili yake haikuwa kiwandani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, wakizivua madigadi na kila kitu kisichosaidia mwendo, kisha wakizipeleka kwenye maziwa yaliyokauka ya Muroc na El Mirage kushindana na saa. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya silinda nane yenye umbo la V katika gari la mtu wa kawaida, na hapo mchezo ukapamba moto. Mwaka 1937 vilabu vya vijana hao viliunda chama kimoja ili pawe na taratibu. Vita vilipokwisha mwaka 1945 askari walirudi makwao, wengi wao wakiwa wamefundishwa jeshini kufungua na kufunga injini za ndege, vifaru na malori. Walikuwa na ujuzi, na walikuwa na akiba kidogo ya fedha. Gazeti lao, Hot Rod, lilitoka mara ya kwanza Januari 1948. Kijana wa mji mdogo aliyekuwa mbali na California aliweza sasa kusoma namna ya kuchonga silinda, kubadili kamshafti na kufunga kabureta ya pili au ya tatu, akafanya mwenyewe nyuma ya nyumba ya baba yake. Cheti hakupewa.

Wakubwa wa Detroit hawakuwa vipofu. Mwaka 1949 Oldsmobile ilichukua injini yake mpya ya silinda nane, ya lita 5 na nguvu za farasi 135, ikaitia katika bodi nyepesi kuliko ile iliyokusudiwa. Gari hilo, lililoitwa 88, likaanza kushinda mashindano. Maana yake ni kwamba kiwanda kilikuwa kimejifunza kutoka kwa wale vijana wa maziwa makavu, ingawa sidhani kama kuna aliyewashukuru.

Lakini kisa chenyewe hasa ni cha Pontiac. Januari 1963 kampuni mama, General Motors, iliamuru matawi yake yote yaache mashindano ya magari. Pontiac ilikuwa imejijengea jina kwa mashindano, na sasa ilinyang'anywa silaha yake. Mhandisi mkuu wake wakati huo alikuwa John DeLorean. Yeye na wenzake walitazama gari lao la ukubwa wa kati, Tempest, lililokuwa na injini ya inchi za ujazo 326. Ile kubwa ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, ilikuwa na umbo lile lile kwa nje, kwa hiyo ingekaa mahali pale pale bila kukata chuma. Tatizo lilikuwa amri nyingine ya kampuni: gari la ukubwa huo lisizidi inchi za ujazo 330.

Basi wakafanya hila ambayo mwanasheria yeyote angeifurahia. Hawakutangaza gari jipya. Walitangaza nyongeza ya kulipia, dola 295 juu ya bei ya Tempest, na nyongeza hiyo ilikuwa injini kubwa pamoja na vikorokoro vyake. Wakaipa jina GTO. Wauzaji walikubali kwa shingo upande, wakihesabu kuuza magari 5,000. Kwa mwaka wa kwanza, 1964, yaliuzwa 32,450. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena juu ya amri ile. Viwanda vyote vikaingia mbioni: mwaka 1966 Chrysler ilianza kuuza injini yake ya Hemi yenye nguvu za farasi 425 kwa mtu yeyote mwenye leseni na fedha, na mwaka 1970 Chevrolet Chevelle ilipata injini ya inchi za ujazo 454 iliyotangazwa kuwa na nguvu 450.

Sasa tuitazame GTO ile ya 1964 chini ya bodi. Injini ilikuwa na nguvu 325, au 348 ukilipia kabureta tatu. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,600 hivi. Na breki? Zile zile za Tempest, za ngoma, magurudumu yote manne, kipenyo cha inchi 9.5. Breki za diski za mbele hazikuwamo hata katika orodha ya nyongeza mpaka magari ya 1967.

Ninyi mlio katika darasa la fizikia mnaweza kuieleza hatari hiyo kuliko mimi. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 160, breki hazina kazi maradufu. Zina kazi mara nne. Nishati hiyo yote hugeuka joto, na katika breki ya ngoma joto limefungiwa ndani. Ngoma hupanuka na kujitenga na viatu vyake, lainingi nazo hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga, gari hupungua kidogo. Hukanyaga tena, hupungua kidogo zaidi. Mara ya tatu pedali inafika chini na gari linaendelea na safari yake. Diski iko wazi hewani, hupoa, na inapopanuka haizikimbii pedi zake.

Liko jambo jingine baya zaidi, ambalo mtazamaji wa boneti halioni. Magari hayo ya kwanza yalikuwa na masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, au mpira wa gurudumu moja ukivuja, breki zote nne zimekwenda. Masta silinda ya njia mbili, ambayo upande mmoja ukifa mwingine unabaki, General Motors iliiweka kuanzia magari ya 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya nchi ile ikaidai kwa kila gari jipya. Miaka mitatu, basi, watu walikuwa wakiuziwa nguvu zile huku maisha yao yakining'inia kwenye bomba lenye unene wa kalamu.

Huku kwetu tuliyaona mambo haya kwa macho. Katika mashindano ya East African Safari ya Pasaka mwaka 1964, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, Wamarekani walileta Mercury Comet sita zenye injini ya silinda nane ya lita 4.7, zilizotayarishwa California na fundi mashuhuri Bill Stroppe. Fedha zilizomwagwa hazikuwa haba. Zilizofika mwisho ni mbili, na zote nyuma kabisa. Mshindi alikuwa Peter Hughes, dereva wa Kenya, katika Ford Cortina GT ya lita 1.5. Mercury na Cortina zote ni watoto wa kampuni moja ya Ford! Mwaka uliofuata, 1965, ushindi ulikwenda kwa Joginder Singh na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ya mkono wa pili, iliyokwisha kukimbia Safari ya 1964 katika kikosi cha kiwanda. Joginder, aliyezaliwa Kericho na kukulia katika gereji ya baba yake, aliinunua, akaitayarisha upya kwa mikono yake, akawashinda wenye viwanda. Sifikiri kwamba aliyekulia gerejini angeanza na injini.

Turudi Marekani, maana zama zile zilikwisha ghafla. Kampuni za bima zilianza kumtoza kijana mwenye gari la namna hii fedha zilizokaribia deni la gari lenyewe. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ilidai moshi upunguzwe, na kwa magari ya 1971 General Motors ikashusha mgandamizo wa injini zake zote ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo kabisa. Kisha, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zenye mafuta zikaizuilia Marekani. Watu walipanga foleni vituoni kwa saa nyingi, na gari la kumaliza lita 20 au zaidi katika kilomita 100 likawa mzigo. GTO ya mwisho wa zama hizo ilitoka mwaka 1974. Yaliyobaki yaliuzwa kwa bei ya chakavu, yakapitia mikono ya vijana wasiojali, yakaishia kwenye majani.

Kutoka kwenye majani hayo ndiko wanakoyachukua. Anayeanza kazi hii nyumbani hufungua, hupiga picha kila hatua na kutia nati kila kundi katika mfuko wenye jina, kwa sababu kati ya kufungua na kufunga huweza kupita miaka. Halafu kutu. Kwenye magari ya aina ya GTO, maji hukaa chini ya kioo cha nyuma na kushuka mpaka sakafu ya buti. Unaweza kuona rangi nzuri juu na chini yake pati tupu. Bahati nzuri bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, kwa hiyo unaweza kuinyanyua na kuifanyia kazi kila sehemu peke yake.

Hapo ndipo mgogoro huanza. Wako wanaosema gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hata alama ya chaki iliyoandikwa na mfanyakazi irudishwe. Wana hoja, kwani fedha nyingi zimo katika uhalisi: kwa kuwa GTO za 1964 na 1965 zilikuwa nyongeza tu, namba ya chesisi haitofautishi GTO na Tempest LeMans ya kawaida, na bila karatasi za kiwanda ni rahisi kuuziwa ya bandia. Wako wengine wanaoweka sura ya zamani juu na vyombo vya kisasa chini: injini ya kupuliza petroli kwa kompyuta, giaboksi ya gia tano ili injini isipige kelele barabara kuu, usukani mwepesi.

Petroli yenyewe imebadilika, na hili halina ubishi. Risasi iliyotiwa humo tangu miaka ya 1920 ilikuwa ikilinda pia viti vya valvu. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Kichwa cha silinda cha zamani, gari likiendeshwa kwa nguvu na kwa muda mrefu, viti vyake huliwa. Kwa hiyo injini ikishushwa huchongwa na kutiwa viti vya chuma kigumu. Oili nazo za leo zina zinki kidogo kuliko za zamani, na kamshafti ya mtindo ule bila zinki huweza kusagika katika saa za kwanza. Mtu akiyajua hayo mawili atakuwa ameokoa fedha nyingi.

Lakini mimi, katika mgogoro ule wa uhalisi, nina upande mmoja tu. Rangi iwe ya kiwanda, viti viwe vya kiwanda, hata redio iwe ile ile isiyoshika stesheni. Breki zibadilishwe. Masta silinda ya njia mbili na diski za mbele ziingie kabla ya kuigusa injini, na kabla ya mtoto wa mwenye gari kuomba funguo. Vifaa vinauzwa leo vinavyokaa kwenye matundu yale yale ya kiwanda, bila kutoboa wala kukata. Zile ngoma za inchi 9.5 mwenye gari huzipaka grisi, huzifunga kwa karatasi, huandika mwaka na namba ya chesisi juu ya sanduku, na kuliweka kwenye rafu ya juu ya banda, kwa ajili ya atakayelinunua baada yake akitaka kulipeleka maonyeshoni.