Gharama ya Kuitwa Baba

Katika mijadala yetu ya kijamii, mtu aliyezaliwa mwanamke akiitwa baba, jibu huja haraka: huo si utamaduni wetu. Mwanahistoria hana budi kuuliza: utamaduni wa nani, na wa kipindi gani?

Tuanze na Mara. Wakurya wana ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane au mtu mzima, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa msichana. Watoto ambao msichana huyo atawazaa na mwanamume aliyechaguliwa huwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Wanandi wa Kenya wana desturi inayofanana na hiyo. Mwaka 1980 mwanaanthropolojia Regine Oboler alichapisha makala akiuliza kama mume wa kike wa Kinandi ni mwanamume kweli. Wenyeji walimjibu kwamba ndiyo, mwanamke aliyeoa amepandishwa hadhi na kuwa mwanamume. Yeye aliona kwamba uanaume huo ulikuwa na uzito hasa katika mali na urithi. Katika shughuli nyingine za kila siku mambo hayakubadilika sana.

Kulikuwa na sharti. Mume huyo alipaswa awe amepita umri wa kuzaa na aache kukutana kimwili na wanaume. Kama angezaa tena, mtoto wake angevuruga mpango wa urithi ambao ndoa ile iliundwa kuulinda. Kwa maneno mengine, jamii ilikuwa tayari kumpa cheo cha baba, mradi kizazi chake kiwe kimefungwa na umri.

Nitoe tahadhari mbili. Ya kwanza, mume wa kike si sawa na wanaume waliobadili jinsia, yaani watu waliosajiliwa kuwa wasichana walipozaliwa lakini wanajitambua na kuishi kama wanaume. Mume wa kike alitafuta mrithi. Hakuwa akieleza nafsi yake. Ya pili, tusiipambe desturi hii. Mara nyingi msichana aliyeolewa alitoka katika familia maskini, na sauti yake katika kumchagua mwanamume wa kuzaa naye ilikuwa ndogo.

Sharti hilo hilo tunalikuta Ulaya, safari hii likiwa limeandikwa katika sheria. Mwaka 1972 Uswidi iliruhusu watu kubadili jinsia kisheria, lakini kwanza wafungwe kizazi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2013, na mwaka 2018 bunge likaidhinisha fidia ya kronor 225,000 kwa kila aliyeathirika. Ujerumani ilikuwa na sharti la aina hiyo hadi Mahakama ya Katiba ilipolibatilisha Januari 2011. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, katika mashauri dhidi ya Ufaransa, kwamba kumlazimisha mtu apoteze uwezo wa kuzaa ili atambuliwe ni kuvunja haki yake ya faragha. Waliokuwa wakitoa hoja kwamba mwanaume hawezi kubeba mimba walikuwa wameandika sheria ili kuhakikisha habebi.

Mwili, hata hivyo, haukusubiri sheria. Mwaka 2008 Thomas Beatie, raia wa Marekani, alijifungua mtoto akiwa tayari ametambuliwa kisheria kuwa mwanamume. Homoni ya testosteroni kwa kawaida husimamisha hedhi baada ya miezi kadhaa, lakini yai laweza kuendelea kupevuka. Kwa hiyo testosteroni si njia ya uzazi wa mpango, na anayeitumia aweza kupata mimba asiyoitarajia. Tena, homoni hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana madaktari hushauri isimamishwe kabla ya kutafuta mimba. Kwa wengi hedhi hurudi baada ya kuiacha. Wengine huhifadhi mayai kabla ya kuanza dawa, njia iliyo ghali mno kwa mkazi wa kawaida wa Mbagala au Tandale.

Haya yote yanahitaji daktari anayeweza kuulizwa bila hofu. Februari 2017 Serikali yetu ilivizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa madai ya kuhamasisha ushoga. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema huo haukuwa msimamo wa Serikali. Kikosi hakikuwa chake peke yake cha kuogopwa: tangazo lenyewe lilitosha kumfanya mtu amfiche tabibu kile anachojidunga. Anayeficha hawezi kuonywa.

Na mtoto? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, hivyo hata nyumba ntobhu haina kinga humo. Kenya, kwa upande wake, Jaji J.B. Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa alimtambua mwaka 2011 mwanamke aliyeolewa na mwanamke wa Kinandi kuwa mke halali katika shauri la mirathi. Hakuangalia nani alilala na nani. Aliangalia nani aliachwa, na desturi ilimpa haki gani.

Huo ndio mwanzo ninaowapendekezea watumishi wa umma wanaosoma hapa, wawe kwenye dawati la RITA, zahanati ya Temeke au mahakama inayosikiliza mashauri ya matunzo. Mzazi aliye mbele yenu aweza kuwa na sura isiyolingana na jina lililo kwenye fomu. Maswali ya kazi yenu hayabadiliki: mtoto amezaliwa wapi, analelewa na nani, mlezi akifa atabaki na nini. Mjomba wa Kikurya aliyesimamia ng'ombe wa mahari aliyajua maswali hayo kabla hatujawa na fomu yoyote.