Kinasa Ujumbe, na Namna ya Kukisikiliza Ukiwa Mbali

Katika filamu nyingi za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 kuna tukio ambalo halikosekani. Mtu anarudi nyumbani, anatupa funguo mezani, anabonyeza kitufe cha kisanduku kilicho kando ya simu, na chumba kinajaa sauti za watu waliompigia akiwa kazini. Tamthilia ya televisheni The Rockford Files, iliyoonyeshwa kuanzia 1974 hadi 1980, ilifungua kila kipindi kwa mashine hiyo. Mtafsiri wa Kiswahili akifika hapo hukwama: kisanduku kile akiiteje? Kwetu Afrika Mashariki hakikupata kuwa chombo cha kawaida cha nyumbani, na kitu kisichokaa nyumbani hukosa jina la nyumbani.

Jina linaloandikwa upesi ni "mashine ya kujibu simu". Linapotosha. Kiswahili kinatenganisha kuitika na kujibu. Mtoto akiitwa na mama yake husema "Abee!" au "Naam!", hapo ameitika, lakini hajajibu swali lolote. Mashine ile nayo huitika tu. Inasema wenyewe hawapo, inatoa mlio, kisha inafanya kazi iliyonunuliwa kwayo, yaani kuyanasa maneno ya mpigaji. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kubeba jina. Lugha inacho kinasa sauti, inacho kipaza sauti. Kwa mpango huohuo, "kinasa ujumbe" kinaeleweka bila maelezo marefu.

Historia nayo inaliunga mkono jina hilo. Mwaka 1898 Valdemar Poulsen wa Denmark alibuni chombo cha kunasa sauti kwa sumaku kwenye waya wa feleji, akikusudia watu waweze kuachiana ujumbe kwa simu. Katika maonyesho ya Paris ya 1900 chombo chake kilinasa sauti ya Franz Joseph, Kaizari wa Austria, na sauti hiyo ipo hadi leo.

Jina la pili linalomkwamisha mtafsiri ni la simu isiyo na waya. Neno "simu" lenyewe lilitoka Uajemi, ambako asili yake ni waya. Ndiyo maana "simu isiyo na waya", ukiichimba, ni waya usio na waya. Hilo halina ubaya, kwa kuwa maneno husahau yalikozaliwa. Tatizo ni jingine: leo mtu akisikia simu isiyo na waya huwaza simu ya mkononi, na "simu ya upepo" imeshachukuliwa na redio za mawasiliano. Chombo kinachozungumziwa hapa ni simu ya mezani ambayo mkono wake umekatwa uzi. Kitako chake kimechomekwa ukutani, na mkono wa simu huwasiliana na kitako hicho kwa mawimbi ya redio. Unafika uani, haufiki sokoni. Kwa hiyo aandikaye kwa uangalifu ataandika "simu ya mezani isiyo na waya", hata kama maneno yanaongezeka.

Sasa kuhusu kusikiliza kutoka mbali. Mwenye nyumba aliye safarini hupiga namba yake mwenyewe, kinasa ujumbe kinaitika, naye wakati wa salamu anabonyeza tarakimu mbili au tatu za siri. Mashine ikizitambua, inamchezea ujumbe wote. Zamani ilibidi atembee na kifaa kidogo cha mfukoni, akiweke kwenye mdomo wa simu na kukibonyeza ili kitoe mlio; akikisahau, hasikii kitu. Kilichoondoa mzigo huo ni vitufe vya simu yenyewe, ambavyo kampuni ya simu ya Bell ilianza kuwapa wateja wa miji ya Carnegie na Greensburg, Pennsylvania, Novemba 1963.

Kila kitufe hutoa milio miwili kwa mpigo. Kitufe cha 5 hutoa hezi 770 na hezi 1336 pamoja. Wahandisi walichagua jozi ambazo koo la binadamu ni shida kuzitoa kwa usahihi, ili mashine isije ikadhani mtu anayeongea anatoa amri. Jina la kitaalamu la mfumo huu ni refu na zito, lakini Kiswahili kinaweza kulibeba kwa maneno mawili: milio pacha.

Hapo ndipo simu zisizo na waya zilipowasumbua watu. Nyingi zilikuwa na swichi ndogo yenye herufi T na P. Kwenye T simu hutoa milio pacha. Kwenye P hutoa midundo: hukatakata mkondo wa umeme, mara tano kwa 5, mara tisa kwa 9, kwa kasi ya midundo 10 kwa sekunde, kama simu za kuzungusha za zamani. Midundo huhesabiwa na mtambo wa kuunganishia simu na kuishia hapo. Kinasa ujumbe kilicho mji mwingine husikia tiki tiki tu. Mtu anabonyeza tarakimu zake, anarudia, na mashine inamsomea salamu hadi mwisho kana kwamba ni mgeni. Dawa ni kuisogeza swichi kwenye T, au, kwa simu nyingi za aina hiyo, kubonyeza nyota kwanza; kuanzia hapo simu hutoa milio hadi itakapokatwa.

Kuna na huduma ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataitambua mara moja. Kinasa kikiwa na ujumbe mpya huitika baada ya mlio wa pili. Kikiwa hakina, husubiri hadi wa nne. Aliye mbali akisikia mlio wa tatu anakata, na halipi hata senti, maana ameshajua hakuna kitu. Ni kubipu, au kuflashi kama wasemavyo Kenya, ila anayebipiwa ni mashine. Jina halina haja ya kutafutwa ng'ambo.

Tarakimu za siri zilizotoka kiwandani watu wengi hawakuzibadilisha, na aliyezijua aliweza kusikiliza ya wenzake. Uzembe huohuo ulihamia kwenye ujumbe wa sauti wa simu za mkononi. Waandishi wa News of the World la Uingereza walivyoingilia ujumbe wa watu kuliitikisa nchi, na gazeti hilo lililoanzishwa 1843 likafungwa Julai 2011.

Kwenye miongozo ya mashine hizi, basi, mtafsiri asiandike "rimoti". Msomaji atatafuta kifaa cha televisheni, na hakipo. Simu yoyote yenye milio ndiyo inayofanya kazi hiyo. Aandike "kusikiliza kutoka mbali". Nao watunga kamusi waipe nafasi milio pacha, kwa kuwa vinasa ujumbe vimepungua lakini milio haijaondoka: kila anayepiga simu ya huduma kwa wateja akaambiwa abonyeze 1, anayemjibu kule upande wa pili ni mtambo uliosikia hezi 697 na hezi 1209.